Tia Mkono, Shemeji

Marit, uko wapi? Klara amekufa. Yule ng'ombe wangu mwekundu. Nimemkuta asubuhi amelala kwenye theluji kando ya tangi la maji.

Siku tatu ng'ombe wanasogea kunywa, wakigusa tu maji wanaruka nyuma. Nikamwambia shemeji Verlyn, hiyo hita ya kuzuia maji yasigande uliyofunga ndani ya tangi inavujisha umeme. Akanicheka mbele ya baba mkwe: "Shemeji, ng'ombe wako wanadeka. Baridi hii ya Dakota hata mimi sinywi maji."

Wanadeka! Marit, alisema wanadeka!

Basi leo, baada ya kumkuta Klara, nikazima umeme, nikachomoa plagi. Ile pini ya ardhi, ya kuzuia umeme usimpige mtu, imekatwa kwa koleo! Ameikata ili plagi iingie kwenye waya wake wa zamani wenye matundu mawili tu.

Sikupiga kelele. Nikawaita wote wawili pale tangini. Verlyn hakujua kwamba nimezima.

"Si ulisema ni salama? Vua glavu, shemeji. Tia mkono."

Akatazama maji. Akamtazama baba yake. Akarudi nyuma hatua mbili, Marit. Hatua mbili!

Baba mkwe akamuuliza taratibu, "Kumbe ulijua?"

Mimi nikavua glavu yangu, nikazamisha mkono mpaka kiwiko, huku namkazia macho. Verlyn akalia. Mwanamume mzima!

Sasa hivi namwona dirishani anamvuta Klara kwa trekta, peke yake, kama alivyoamriwa na baba yake.

Usiniambie nimsamehe. Klara alikuwa na ndama tumboni.