Muhogo wa Siku Moja

Jumanne. Asubuhi baridi, mchana jua. Mwaka unaisha leo. Wanawake wamezoa majivu ya mekoni wakayamwaga njia panda, na kesho kijiji kizima kitashuka pwani kuoga mwaka. Mimi nimerudi mapema kutoka chumvini ninakofanya kazi. Kwangu jiko limelala tangu juzi, sina majivu ya kuzoa.

Nimechukua daftari. Nilisoma miaka miwili tu, mkono wangu mzito. Nataka kuandika siku nzuri za mwaka huu kabla haujaondoka nazo. Zipo. Chache, na zote yumo Mwajuma, mke wangu, niliyemzika masika.

Siku ya nzige ilikuwa nzuri. Mtu atasema nina wazimu. Wingu jekundu lilitokea upande wa Mkange, binti yetu Sikudhani akadhani ni moshi. Tulitoka mbio na magunia na kanga kuukuu. Nzige wakamwingia Mwajuma mgongoni ndani ya nguo, akawa anaruka na kupiga kelele kama mtu aliyepandwa na shetani, na mimi badala ya kumsaidia nikakaa chini kwa kicheko. Jioni tukakaanga sufuria nzima. Tulikula mpaka mtoto akalala na mguu wa nzige mdomoni.

Sisi tuliwala wao jioni moja. Wao walitula miezi mitano. Mahindi hayakubaki hata bua.

Siku nyingine nzuri. Nilirudi kutoka chumvini miguu imepasuka. Ukishinda ndani ya yale maji ya chumvi, kisigino kinafunguka kama tunda bovu. Mwajuma akanikanda kwa mafuta ya nazi, akanitazama akasema, "Mume wangu, miguu hii tukiipika haitaki chumvi." Alicheka peke yake nusu saa. Mimi nilinuna. Laiti ningecheka.

Ya tatu naihesabu ni jioni za Bi Chausiku, jirani. Mzee, watoto wake wote amewazika, mdomo wake pilipili. Kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita Sikudhani mke mwenzake, na mimi ndiye mume wao. Kila jioni wakati wa njaa alikuwa anapiga kelele toka uani kwake.

"Mke mwenzangu! Mume wetu kaleta nini leo?"

"Chumvi, bibi!"

"Basi tulambe tulale. Ndiyo tabu ya kuolewa na mume mwenye sura nzuri na mikono mitupu."

Sura yenyewe sina. Mwajuma alikuwa anacheka mpaka anashika mlango.

Sasa niandike siku ya nne. Hii ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Masika chumvini hakuna kazi, maana mvua inaharibu kila kitu. Tulikuwa na siku tatu za uji mwepesi, na Mwajuma sehemu yake alikuwa anamwachia mtoto. Alidhani simwoni. Nilimwona nikanyamaza. Nikaenda kwenye shamba lililoachwa, nikachimba muhogo. Muhogo mchungu, ule unaopandwa ili nguruwe wasiule. Mwajuma akaumenya, akauloweka mtungini. Kila mtu hapa anajua muhogo ule: mpaka ulainike, uvunde, sumu iishe, ndipo uupike. Siku nne, tano.

Mimi nilikaa nao siku moja.

"Bado, mume wangu," alisema. "Vumilia siku tatu."

Nikamwambia, "Utaniua kwa njaa na chakula kimo ndani?" Nikamwita mchoyo. Nikaingiza mkono mtungini mwenyewe, nikautia chunguni mwenyewe. Aliposhika mkono wangu nilimsukuma. Baadaye akakubali, akaenda kwa Bi Chausiku kuomba nazi. Bibi alikuwa na nazi moja tu. Alitupa nusu.

Sikudhani alionja akatema. "Baba, mchungu." Nikamzaba kibao. Nikasema mtoto anayetema chakula mwaka huu hana haki ya kula. Nikamfukuza aende akalale kwa bibi yake huyo, na njaa yake.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa bado halijazama, mvua imekatika. Mwajuma alikula. Mungu wangu, alivyokula! Nilikuwa namsogezea vipande, naye anasogeza mchuzi wa nazi kwangu. Akaanza kunisema jinsi nilivyokuja kuposa kwao, kanzu ya kuazima, mikono imepotea ndani ya mikono ya kanzu. Akasimama kuniiga. Nilicheka, yeye akacheka, tumbo limejaa, kwa mara ya kwanza tangu nzige. Alisema, "Leo nimeshiba mpaka nimeona aibu."

Hilo ndilo neno lake la mwisho la furaha. Mimi nilitapika nikapona. Yeye alikuwa mwembamba mno. Alfajiri hakuwa hai.

Kipigo nilichompa mtoto ndicho kilichomwokoa. Kumbembeleza kungemwua. Nimelitazama jambo hili kila upande, sioni mahali pa kulishika.

Halafu kuna nililolifanya msibani. Watu waliuliza, "Mlikula nini?" Nikajibu, "Muhogo, na nazi ya Bi Chausiku."

Si uongo. Muhogo na nazi ya Bi Chausiku. Lakini niliona macho ya shemeji zangu yalivyogeuka, wote wawili, kuelekea uani kwa bibi. Nikawaacha wageuke. Sikuongeza neno. Kusema ulilowekwa siku moja badala ya nne kungenichukua pumzi moja tu.

Tangu hapo hapewi moto. Kisimani wanamwachia nafasi kama mwenye ndui. Kuku wake wawili walikutwa wamenyongwa. Na shemeji zangu wamemwita mganga, yule anayenyoa wachawi. Anakuja kesho, watu wakitoka kuoga. Atamnyoa Bi Chausiku mbele ya wote, atamnywesha dawa, na kabla jua halijazama awe ametoka kijijini. Aende wapi, hakuna aliyesema.

Leo mama mkwe amefika kutoka Mkange kwa ajili hiyo. Nimemkuta nyuma ya nyumba anachambua mchicha. Nimechuchumaa mbali, kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umejikunja kama mwizi?"

Nikamwambia yote. Mtungi, siku moja, kumsukuma, kibao. Hakuinua kichwa. Mkono wake haukusimama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Siku ya msiba nilifunua chungu. Nimeloweka muhogo tangu sijaota maziwa. Pua yangu haijafa."

Nikauliza mbona basi amewaacha wanawe wamwite mganga.

"Nikiwaambia ni wewe, watakukata mapanga. Serikali itawanyonga. Nimezika mmoja, nizike na hao? Na huyu mjukuu abaki bila baba? Yule kikongwe ana nani? Akiondoka atalia nani?"

"Atalia Sikudhani."

"Mtoto husahau." Ndipo akanitazama. "Nyamaza, baba, ubaki na mwanao. Siku zikipita hakuna atakayewaza panga. Ukifungua kinywa kesho mbele ya watu, nitawashika wanangu miguu mimi mwenyewe wasikuue, lakini mtoto naondoka naye. Na wewe mlango wangu usiujue mpaka nife, na nikifa usije."

Naandika kweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunitazama. Nilifurahi. Niliinuka pale mwepesi. Nimeambiwa na mama wa marehemu ninyamaze, nani atanilaumu? Nilitembea mpaka mtoni nikanawa uso.

Niliporudi nikamkuta Bi Chausiku ameketi kizingitini kwake, Sikudhani yuko kati ya magoti yake anasukwa. Bibi yake wa Mkange kamkataza kwenda pale, naye kaenda. Akanipungia mkono nisogee.

"Mume wetu, nina ombi. Kesho wakininyoa, mke mwenzangu asiwepo. Mbakishe pwani, achezee maji."

Nikasema ndiyo.

"Nywele zenyewe hizi chache," akasema, "mganga atadhani amepewa kuku kunyonyoa." Akacheka. Sikudhani naye akacheka, hajui anachochekea. Bibi akaendelea kusuka, njia za nywele zinapinda.

Miezi yote hii hajaniuliza tulikula muhogo wa siku ngapi. Hajaniuliza hata mara moja. Na ni mwanamke wa huku, amezaliwa na mtungi wa muhogo mlangoni.

Nimekaa nikijaribu kutafuta njia ya katikati. Nimtoroshe bibi leo? Atakuwa mchawi aliyekimbia, na mtoto wangu atakua akiambiwa ndiye aliyemwua mama yake. Niseme kwa shemeji mmoja tu, pembeni? Nitakufa, na bibi atanyolewa vilevile. Njia ni moja. Watu wote wakiwepo, mama mkwe amewashika wanawe.

Kwa hiyo nimefunga nguo za Sikudhani. Gauni mbili na kanga moja ya mama yake. Nimeziweka karibu na mlango ili kesho kusiwe na kutafuta. Kabla wembe haujatolewa nitasimama, nitasema muhogo ulikuwa wa siku moja na aliyeutoa mtungini ni mimi. Nitasema pia kwamba Mwajuma alinikataza. Hilo walijue wote.

Sikudhani ameingia ameona fundo la nguo.

"Tunakwenda wapi, baba?"

"Unakwenda kukaa Mkange, kwa bibi."

Amefurahi. Kule kuna mbuzi. Amezunguka chumba akiimba mbuzi, mbuzi, nywele zake zimepinda kichwani, na mimi nimemtazama sana, maana siku nzuri ya tano ya mwaka ndiyo hii na haina Mwajuma.

Akasimama. "Na wewe utakuja lini?"

Nikamwambia, chumvi ikiisha kuvunwa.

Nimemdanganya. Ya kesho nitaweza kuyasema. Hili la leo limenishinda.