Zamu ya Kabula

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Shanwe hatujambo. Babu yako yuko Sibwesa anavuna mahindi, na yule kuku wako mweupe ametotoa. Umeniuliza nilijifunzaje vitenzi vya Kiingereza, maana wewe unaogopa kusimama darasani.

Miaka ya tisini, mwalimu wetu alimpa kila mwanafunzi kitenzi chake, tukawa tunavitaja kwa zamu, dawati hadi dawati. Rafiki yangu Kabula alipewa "bring". Yeye alikaa dirishani, mimi mlangoni.

Kabula akafariki kwa homa. Tangu hapo, zamu yake ikifika, tulinyamaza kidogo kisha tukaendelea. Niliona nikikitaja kitenzi chake nitakuwa nimemfuta.

Siku moja akaja mkaguzi, akaketi mbele akiandika. Zamu ikafika dirishani. Mwalimu akaninong'oneza, "Sema wewe, binti, usituaibishe."

Nikasimama, nikasema, "Bring, brought, brought."

Mkaguzi hakuinua hata kichwa. "Vizuri. Mmetamka pamoja, wa mlangoni na wa dirishani. Ila wa dirishani apaze sauti."

"Mama weee," mtu akasema nyuma.

Tuligeuka wote. Dawati la dirishani lilikuwa tupu, kama tulivyoliacha.

Sikuogopa kama nilivyotarajia. Nilijisikia nimepata mwenzangu. Kwa hiyo kesho ukiitwa, Neema, simama uanze tu, hata kwa sauti ndogo. Na ukisikia husemi peke yako, usigeuke. Malizia kwanza.

Bibi yako anayekuombea,
Tausi