Simu Haimsahau Tena Mtamba wa Yeyo

S.L.P. 318,
Kitengela.
14 Juni 2025

Mpendwa shangazi yangu, Senje Valerie,

Mulembe Senje! Goti linasemaje siku hizi? Na bibi yangu Kukhu, bado anakataa uji usio wa wimbi? Huku tu wazima, ni vumbi tu la Kitengela linalotusumbua. Mume wangu Lemein anakusalimu, ingawa ana mafua.

Senje, keti kwanza. Nimeshinda!

Ni ile kazi yangu ya kuandika majibu ya simu, ambayo wewe unasema si kazi. Akina mama wa maziwa wa Mashuuru huiandikia simu maswali juu ya mifugo, nayo hujibu kwa kufuata kanuni nilizoiwekea. Mwenyekiti wao ni Yeyo, mama mkwe wangu mwenyewe. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mwezi uliopita aliuliza juu ya mtamba wake mwenye minyoo. Kabla ya kufika kwenye dawa akaisalimu simu upya, akaipa habari za mvua na za majirani, kama Mmaasai yeyote mwenye adabu. Kisha akaandika tu, "Nimpe ngapi?" Simu ikamjibu kipimo cha mbuzi! Akina mama walicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze. Yeyo hakucheka. Alisema ikikosea tena wanaitoa. Nikajiona nimesharudi Bungoma kufundisha kwenye ile shule uliyonitafutia.

Nilipoichunguza nikakuta kanuni mbili za swali lile lile, moja ya mbuzi, nyingine ya ng'ombe. Simu hushika ya kwanza inayolingana na swali, kwa hiyo ile ya ng'ombe haikuwahi kufikiwa. Tena kila salamu ilikuwa inafuta mazungumzo yote. Nikaziunganisha ziwe kanuni moja, inayoangalia kwanza tunaongea juu ya mnyama gani. Sasa ikisalimiwa inaitikia bila kusahau.

Jumamosi iliyopita mimi na Lemein tukarudi Mashuuru. Yeyo akauliza juu ya mtamba, halafu akaizungusha makusudi mbele ya wote: salamu, harusi ya Naipanoi, bei ya nyasi, salamu tena. Mwishowe akaandika, "Nimpe ngapi?"

Ikajibu: "Mtamba wako, Yeyo, anapewa kipimo cha ng'ombe. Ana kilo ngapi?"

Yeyo aliruka, Senje! "Hii sasa inasikiza watu," akawaambia wenzake. "Hata Lemein hanisikizangi hivi." Na kikundi kimoja cha Loitokitok nacho kinaitaka.

Nisalimie Kukhu, na kaka Wakhungu na watoto wake wote. Mungu awafunike, awape afya na chakula cha kutosha. Na binamu Sandra, kwa kuwa bado anatafuta kazi, mwambie ile nafasi ya ualimu ni yake. Mimi sirudi.

Wako akupendaye sana,
Naliaka