Sukari Iliyorudishwa Mlangoni

Werugha,
Novemba 1988

Kwako kaka yangu Donald,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye ukungu. Natumai huko chuoni Nairobi u mzima, unakula vizuri na masomo yanakwenda. Baba hajambo, ni goti tu linamsumbua. Mimi mwili uko salama. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Uliuliza habari za mama. Nitakueleza taratibu, maana wewe ni mtu wa kupenda maelezo.

Unakumbuka likizo ya Agosti ulivyotukalisha sebuleni ukatufundisha juu ya ule uvimbe wa tumbo lake. Ulisema kila seli ina protini za kuingiza sukari ndani, na kwamba seli za kansa huzizidisha, zikafyonza sukari kuliko seli nyingine na kuichoma ovyo, nusu nusu, mradi zikue haraka. Tulikusikiliza kama tuko kanisani. Baba akakuuliza kama zikikosa sukari zitakufa. Ukacheka, ukasema ndiyo, kwenye kisahani cha maabara. Baba alisikia ile ndiyo. Ya kisahani hayakumfikia, na wewe ulikuwa mbioni kuwahi gari la Voi.

Basi sukari ikatoka nyumbani. Zikafuata ndizi mbivu, halafu uji, halafu ugali. Mama alibaki na sukumawiki na maziwa ya mgando. Akiomba chai ya sukari, baba alimjibu kwa upole kwamba mtoto wetu msomi amekataza.

Na unajua vizuri watu huku kwetu humtembelea mgonjwa na nini mkononi. Mama Tryphena, rafiki yake tangu usichana, alipanda kwa miguu kutoka Chawia na kilo yake ya sukari. Baba alimrudishia pale pale mlangoni, akamwambia asimletee mgonjwa sumu. Alitumia neno hilo hilo, sumu. Yule mama alishuka akilia njia nzima. Akina mama wa kanisa nao walirudishwa hivyo hivyo. Ikasemwa kwamba nyumba ya baba yetu, Mzee Obadiah, inawaona watu wachawi, na kufika Oktoba hakuna aliyekanyaga uani kwetu. Mama akisikia viatu barabarani aligeukia mlango, viatu vinapita. Aliniuliza amewakosea nini watu. Nilimwambia wako shambani.

Nilipochoka kumwona vile nilimpeleka hospitali ya Wundanyi. Daktari aliposikia tunavyomlisha, aliweka kalamu chini. Alisema mwili ukinyimwa sukari huyeyusha nyama yake ili utengeneze sukari wenyewe, kwa hiyo ule uvimbe haukulala njaa hata siku moja. Aliyelala njaa ni mama.

Alifariki wiki iliyofuata, akiamini kijiji kizima kinamchukia. Tulimzika Jumamosi. Baba angali anawaambia watu kwamba elimu yako ilimwongezea siku. Sijamsahihisha. Ni mzee, nikimnyang'anya hilo atabaki na nini? Wewe bado kijana, utaubeba ukweli.

Amekataza usiambiwe mpaka umalize mtihani wako wa mwisho. Mimi nimeona ni vyema uingie kwenye chumba cha mtihani ukijua.

Baba anakusalimu sana na anajivunia wewe. Soma kwa bidii.

Ni mimi dada yako,
Wakio