Mkono Ambao Mama Yako Hakuutoa

Ilomba, Mbeya,
20 Novemba 2024.

Mpendwa Frateri Sosthenes,

Pokea salamu zangu. Baridi ya Iringa inakutendaje, na kile kikohozi kimeisha? Sisi wazima. Mama yako pia mzima. Juzi nilikuwa kwake Igawa.

Habari mpya ni hii. Fanueli, mwenyekiti wa kamati ya haki na amani ya kigango cha Igawa, alinipigia jana: Nkuba amekubali kulima upya ekari mbili za mama yako, zile ambazo mpunga wake uliliwa na ng'ombe wa Nkuba mwezi wa tano.

Uliandika kwamba umeona aibu kusikia mama yako alimnyima Nkuba mkono kanisani. Nimewauliza watu wanne waliokuwepo. Ni kweli. Ila hukuambiwa kilichotangulia. Jumapili ile Fanueli alitangaza kuwa wao wawili wamepatana, na kamati ilikuwa haijafika shambani wala kumsikiliza mama yako. Padre aliposema tupeane amani, Nkuba akanyoosha mkono. Mama yako akaficha wake ndani ya kitenge. Tangu hapo haendi kusali, na wenzake wa jumuiya wanamwita moyo wa jiwe.

Nilimwona Nkuba naye. Si mtu mbaya. "Waliniambia nitoe mkono, nikatoa," alisema. "Hakuna aliyeniambia nilime." Neno hilo nikamfikishia Fanueli.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Yule mwanafalsafa anayesema amani huletwa na hofu ya mtawala, simkubali. Igawa polisi wapo na ugomvi upo. Yule mwingine, anayetaka watu watunge sheria kabla ya kujua nani atakuwa mwenye ng'ombe na nani mwenye shamba, nilimweleza mama yako. Akacheka. "Hata ningekuwa mwenye ng'ombe, kaka, ningejua mpunga si majani!"

Nikamsomea pale uliponakili mafundisho ya Kanisa, kwamba amani ni tunda la haki. Hapo hakucheka. "Sasa mbona mwanangu anataka nivune kabla hatujapanda?"

Swali hilo nakuletea wewe.

Nisalimie shangazi zako Paskalina na Anjela. Mungu akulinde, akupe na masikio ya kusikiliza.

Nkuba analeta maksai na plau Jumamosi tarehe 30, saa moja asubuhi. Mama yako atampikia. Kesho yake ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Ameshafua kile kitenge. Mpigie simu misa ikiisha, si kabla.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye siku zote,
Bartholomeo