Kadi Mpya ya Jiwe la Mghange

Mwalimu,

Nimechoka. Nianze na hilo, maana wewe hukupenda salamu za kuzunguka. Tangu tulipokuzika, kazi zako zote za kituo cha nyota zimeniangukia mimi: habari za kubandika ubaoni, wanafunzi wa kuonyeshwa darubini, redio kule Voi kila Ijumaa, na watu wa mawe. Hao hawaishi. Hapa kwetu kila mtu ana mjomba aliyechimba vito, basi wakisikia jiwe linaweza kuanguka kutoka angani, wanapanda hadi kituoni hapa Wundanyi na gunia. Juzi mmoja aliniuliza, "Hili ni la Mars ama la Jupita?" Lilikuwa na simiti upande mmoja. Nilitaka kucheka, nikakosa wa kucheka naye.

Sasa nikuambie linaloniuma. Majibu ya maabara ya jiwe la Mama Wakesho, lile aliloliokota shambani kwake Mghange akakuletea, yalikuja wiki ya pili baada ya mazishi. Si la angani. Ni jiwe la kawaida lenye chuma, la milima hii hii.

Karatasi hiyo nimeificha kwenye droo miezi miwili. Habari ya jiwe hilo ndiyo yako ya mwisho, Mwalimu. Uliiandika umeshika ubavu kwa maumivu: "Jiwe la angani lapatikana Mghange." Wageni wanasoma kadi yako iliyo kando ya jiwe, wanalipiga jiwe picha. Nami nakukasirikia, niseme ukweli. Wewe uliyenigombeza mbele ya watu kwa kutangaza kupatwa kwa mwezi kabla ya kuhakikisha saa! Ukashindwa kungoja majibu. Halafu nakumbuka ulijua huna muda wa kungoja.

Mkubwa wetu anataka niache kadi ilivyo. "Marehemu hasahihishwi," ananiambia. Lakini watoto wa shule wanainakili kwenye madaftari yao.

Jana nilienda Mghange. Mama Wakesho alikuwa akipalilia maharagwe. Nilimweleza nikitazama viatu vyangu. Akauliza kama wewe ulijua. Nikamwambia hapana, ulikosea tu.

"Basi mnirudishie," akasema. "Mlango wa banda la kuku unapigwa na upepo, nitauzuia nalo." Kisha akaongeza, "Lakini huyo mzee alifurahi siku ile, mpaka akasahau chai yake. Kama unaandika alikosea, andika pia alifurahi."

Nililia njiani kurudi, sikujificha.

Leo asubuhi nimebandika kadi mpya. Jina lako lipo, na kosa lako lipo. La furaha sikuliandika pale, halihusu jiwe. Hilo nimekuletea wewe, humu baruani.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika, mimi bado nina shule tatu leo. Nakuahidi kitu kimoja: siku nitakayokosea, nitajisahihisha mwenyewe ningali hai, nisimwachie mtu anayenipenda kazi kama hii.

Mwanafunzi wako,
Mghoi