Jina la Baba Yako Mdomoni Mwangu

Ipyana wangu,

Mwenzio nimetoka kwenu. Nimerudi juzi hapa Mlandege kwa mama, miguu bado imevimba, na nguo zina mchanga wa ziwa. Kabla sijazifua nimeona nikuandikie. Mimi si mtu wa kuandika, unajua, hata darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Lakini haya nikimwambia mama atalia, nikimwambia jirani atacheka. Wewe ndiye unayejua yalianzia wapi.

Mwanao anatembea. Kwamba hukumwona ndiyo inaniuma kuliko yote, kuliko hata ile simu niliyopigiwa Ubaruku, kwamba lori mliloondoka nalo na mchele limepinduka huko Chimala. Yeye alikuwa tumboni, anapiga teke kama kawaida yake, hajui. Sasa ana meno, ana kelele, ana masikio yako yale yaliyosimama. Mama anamwita Mnyaki, kwa kabila lenu. "Mnyaki, njoo ule! Mnyaki, acha kuku wa watu!" Mimi nilikuwa namwita Baba. Jina lake lenyewe hakuna aliyekuwa anamwita nalo, na wa kwanza kutolisema ni mimi niliyemzaa.

Unajua kwa nini. Hata hapa bado siliandiki, ngoja nifike pale.

Nakumbuka ile safari kila siku. Wenzetu wakifunga ndoa wanaenda kupiga picha kwenye maua, wewe ukasema fungate yetu tutaifanya kwa miguu. Ulisema ulipokuwa mdogo ulikuwa unaona wageni, kijana na mke wake, mabegi mgongoni, wanapita ufukweni taratibu mpaka Matema, wakiona jiwe zuri wanasimama, kama watu ambao hakuna anayewasubiri. Ulikaa na hamu hiyo miaka yote unabeba magunia ya watu. Tukanunua mabegi ya mtumba pale Mwanjelwa. La kwangu zipu ilikuwa imekufa, ukalifunga na kamba ya katani, ukasema sasa hata mwizi atalionea huruma.

Tukashuka Kyela, tukafika Itungi, tukaanza mchanga. Ziwa mkono wa kulia, milima ya Livingstone mbele yetu imesimama kama ukuta. Mimi mtoto wa Iringa, maji mengi niliyoyajua ni Ruaha Mdogo, tena wa kiangazi. Nikakuuliza hayo maji yanaishia wapi. Ukasema, "Malawi." Nikasema, "Basi Malawi wana shida." Ulicheka wewe, na mimi hata sikuwa nachekesha.

Na watu walivyotushangaa! Kila tukipita: "Gari limewaharibikia?" Unawajibu, "Hapana, tunatembea." "Mnatembea kwa nani?" "Si kwa mtu, tunatembea tu." Wanatuangalia mabegi, wanaangaliana. Yule mama aliyekuwa anaanika usipa, dagaa wa kwenu, ndiye alinivunja mbavu. Alikuvuta pembeni akakunong'oneza, mimi nasikia: "Mwanangu, usimtese mtoto wa watu. Kama nauli imewaishia sema, nitawapa." Ukamwambia nauli tunayo. Akasema, "Sasa mbona mnajiadhibu?" Akatufungia samaki kwenye jani la mgomba kwa huruma. Tulipovuka mdomo wa mto Mbaka kwa mtumbwi nilikushika shati mpaka kifungo kikang'oka, na wewe unanihadithia habari za mamba, mwanaume huna haya.

Halafu siku ya pili, karibu na kwenu. Ulirudi nyuma kufuata kofia uliyoisahau kwenye miamba, mimi nikakaa kwenye begi kukusubiri. Akaja mzee na mkungu wa ndizi begani, anahema. Mimi nililelewa. Nikapiga goti, shikamoo baba, nikampokea mkungu, nikampa maji kwenye kikombe changu. Nikamuuliza, "Baba yangu, nikuite nani?" Akanitajia. Nikalirudia, nikalikosea, nikalirudia tena mpaka likakaa. Tunacheka wote. Ndipo ukatokea wewe na kofia yako, ukasimama kama umepigwa na shoti. Mzee akakuangalia wewe, akaniangalia mimi na lile begi, akaelewa kabla yangu. Akageuka. Akaacha ndizi zake, akakata kona kwenye matete kama kijana anayekimbia mgambo.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

Ukasema, "Huyo ni baba mkwe wako."

Uliniambia hapo hapo, tayari nimeshaharibu, kwamba kwenu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha, ndiyo maana hata harusini hakuja. Na jina lake halitaji kabisa. Mjini watu wameshaacha, ukasema, lakini mzee wangu ni wa zamani. Nikataka kulia. Wewe ulikaa ndani ya maji na suruali yako ukacheka mpaka ukapaliwa. Na jioni ile, mimi niko jikoni na wifi Tumpe nimejifunika khanga mpaka puani, ukaja na salamu kutoka uani: "Mzee anasema, maji yako yalikuwa matamu."

Tangu siku ile, kati yangu na yeye njia ilikuwa wewe. Akitaka kitu anakwambia, nami nakwambia. Niliona ni mzaha mzuri. Nilipata mume, nikapata na simu.

Ni hapo ufukweni, siku tunaondoka, ulisema tukipata wa kiume apewe jina la mzee. Nikakuuliza, sasa mwanangu nitamwitaje? Ukasema, "Jina linaombewa ruhusa. Mimi ndiye mwana, mimi ndiye nitakuombea."

Hukuomba, Ipyana. Ulikuwa na muda, mimi nilijua una muda.

Msibani nilikuwa ndani na wanawake, yeye nje na wanaume. Nilisikia kikohozi chake tu. Hakukuwa na mtu wa kumpa neno langu, wala wa kuniletea la kwake. Watu wanasema nilifiwa na mume. Mimi siku ile nilifiwa na mume, na baba niliyekuwa naye kupitia kwako akaondoka pia, na wakati bado anakohoa pale nje.

Mtoto alipozaliwa nikampa jina kama ulivyotaka. Kliniki nesi akauliza, "Jina la mtoto?" Nikanyamaza. "Hujampa?" Nikasema nimempa. "Basi sema, mama, foleni ndefu." Nikaomba kalamu, nikaandika kwenye kiganja, nikamwonyesha. Akasoma, akaniangalia: "Kumbe si bubu." Wamama wote kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka, halafu njiani nikalia na kiganja changu nimekikunja.

Basi ukafika ubatizo. Mchungaji wetu alisema mzazi mwenyewe ndiye anayetaja jina mbele ya usharika. Nikamuuliza hawezi kulisema mtu mwingine? Akasema mama yupo, ana mdomo, kwa nini aseme mwingine? Na mama yangu hapo hapo akaona mlango. Tulipofika nyumbani akanikalisha. "Mwanangu, wewe ni Mhehe. Aliyekuoa amelala. Mila za watu unazishikilia za nini? Mpe mtoto jina la babu yangu, tumalize. Ukinyamaza pale mbele, nitasema mimi." Si kwamba ana ubaya, unamjua. Anataka mjukuu mwenye jina linaloitika. Lakini mimi nilijua akishalisema hilo la kwake kanisani, lako limekwisha. Na wewe uliniomba vitu vichache sana duniani.

Ningeweza kulisema tu, nani angejua? Nilijaribu, nikiwa natwanga peke yangu. Likafika kwenye meno likarudi. Niliona kama namruka mzee wako akiwa amekaa.

Ndiyo nikafunga safari. Nilimbeba mwanao mgongoni nikataka nitembee tena ufukwe wote, usinicheke, nilishindwa. Mzito! Nilichukua bodaboda, nikashuka sehemu ya mwisho tu, pale mchanga unapokuwa mweusi, nikatembea. Mama mmoja akauliza, "Unatembea kwa nani?" Safari hii nilikuwa na jibu, nikasema, "Kwa babu yake huyu." Akanisindikiza mpaka kwenye migomba yenu.

Kaburi lako limejengewa vizuri. Wifi Tumpe amelisakafia. Nilikaa hapo kwanza, mwanao akapanda juu yake kama ni kiti, nikamwacha.

Wifi nilimweleza kilichonileta. Akaweka sufuria chini. "Wifi yangu, la chakula nitapeleka, la ugonjwa nitapeleka. Hilo la jina ni la mtoto wa kiume kuomba, mimi siwezi." Mzee alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, uani, kwenye kigoda chake. Kikohozi ni kile kile, ila kimezeeka.

Hatukumtuma mtoto, Ipyana. Alikwenda mwenyewe. Alifuata kuku, akazunguka ukuta, akapotea. Kisha nikasikia baba yako, anasema Kiswahili, ambacho pale nyumbani hasemagi. Nikajua ananisemesha mimi.

"Wewe mgeni, nani wewe?"

"Baba," mtoto akasema. Ndilo alilokuwa analijua.

"Baba ni mimi hapa. Nakuuliza jina. Kamuulize mama yako anakuitaje."

Mtoto hakuja, alikuwa na kuku. Lakini swali lilikuwa limeshafika. Wifi akanikazia macho. Nikajifunika, nikauambia ukuta, kama naongea na mtoto: "Mwambie babu, jina lako analo yeye. Baba yako alikupa, akaondoka kabla hajaliombea. Mama yako hana mdomo wa kulisema. Na Jumapili mchungaji anataka aliseme."

Nikadhani nimemkosea mara ya pili, na sasa hakuna wa kucheka.

Kisha akasema taratibu, kama mtu anayetua mzigo: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako hivi. Mwanangu alikuwa aje aniombe. Nimemngoja, nimechoka kungoja. Sasa jina nimekupa wewe, lote. Mimi sina tena. Mimi kuanzia leo ni Babu tu, na Babu kila mtu anataja. Akuite. Mtoto asiyeitwa anapotea."

Wifi akanipiga bega. "Mwite basi!"

Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka ya kukwaruza:

"Lusekelo!"

Mtoto hakugeuka. Angegeukaje? Hajawahi kulisikia. Lakini nyuma ya ukuta, baba yako, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaitika, "Ee!"

Ipyana, tulicheka. Wifi alicheka akashika nguzo, mimi nilicheka ndani ya khanga, na nikamsikia mzee nyuma ya ukuta anacheka na kukohoa, halafu hakuwa anacheka tena, alikuwa anakulilia wewe, na sisi huku jikoni tukajiunga naye, ukuta katikati yetu. Ndiyo mara ya kwanza nimekulilia pamoja na baba yako.

Asubuhi wakati naondoka nilikuta mkungu wa ndizi umeegeshwa mlangoni. Hakuna aliyesema umetoka kwa nani. Nikasema tu kwa sauti, "Ndaga fijo, Babu," asante sana, nikasikia kikohozi.

Sasa namfundisha. Namwita jikoni, namwita uani, kwa kila kitu namwita. Mama leo asubuhi naye amejaribu, ulimi wa Kihehe ukajikunja, akasema, "Jina refu hili la wenzetu," lakini amelisema, na la babu yake hajalitaja tena.

Jumapili nitasimama pale mbele na mwanao, na mchungaji akiuliza, nitalisema mpaka wa benchi la nyuma wasikie. Na nikuahidi hili: akikomaa miguu nitamrudisha kule, tuanze Itungi pale tulipoanza, atembee mwenyewe, bila haraka, na kila anayemuuliza anatembea kwa nani, ajibu mwenyewe.

Pumzika, mume wangu. Nimekukosa sana, sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Ameamka, namsikia analia. Ngoja nimwite.

Mkeo,
Mama Lusekelo